Mahali pa Konzi ya Mtama

Baba yangu aliitwa Mulonda, mzaliwa wa Kabambare. Mama yangu aliitwa Feza, mzaliwa wa Baraka, kando ya ziwa. Mimi nilizaliwa Uvira, na darasa sikulikanyaga: kalamu ilipofika nyumbani kwetu ilikwenda kwa kaka zangu, nami nikapewa mtungi. Maneno niliyo nayo niliyaokota kwa masikio, kanisani, mwinjilisti alipokuwa akisoma Zaburi. Kwa hiyo, Neema, mjukuu wangu, andika kama ninavyosema. Usininyooshe na usinipambe. Nataka maneno yasimame wima, kama watu waliovaa kwa ajili ya Jumapili. Ukitia neno la Kifaransa kama "donc" mahali ambapo sikulitia, nitalitambua utakaponisomea.

Nimekuita kwa sababu ninaogopa. Kuna wimbo uliowekwa kinywani mwangu na mtu ambaye hayupo tena, na kinywa chenyewe kimezeeka. Hapa Brussels sijui mwingine aliye nao, na huko wimbo ulikotoka, yeye mwenyewe aliniambia, waliokuwa nao wamekwisha. Kabla sijakukabidhi wimbo, sharti umjue mwenyewe.

Nitamwita Jirani. Alizaliwa wapi na ukoo wake ulikuwa upi, hayo sitayasema. Yeye mwenyewe aliyakataa. Mtu akimuuliza, alijibu, "Uliza mutu anapika nini, usiulize anatoka wapi." Inatosha kujua kwamba alikuwa Mhindi, kwamba Kiswahili chake kilikuwa kile cha maduka ya Bukavu, na kwamba mlango wake ulitazamana na wangu katika jengo hili la Anderlecht tangu mama yako alipokuwa msichana. Watoto wa ngazini walimwita Tonton Muhindi, yaani mjomba Mhindi. Mimi aliniita Maman, ingawa alinizidi umri.

Nyumba yake ilinuka vumbi la vitabu na bizari. Vitabu vilipanda ukuta hadi kwenye dari, vikafunika dirisha moja, hata akawa anawasha taa mchana. Vyote vilihusu jambo moja: watu wa India walitoka wapi na mambo yao yalianzia wapi. Hakuwa mwalimu wala mtaalamu wa chuo. Alifanya kazi katika ghala la vitambaa karibu na mfereji, na mshahara wake aliula kwa macho. Mkewe, alipokuwa hai, alimwambia mbele yangu, "Wewe unatafuta nyumba ya babu, na hii ya kwako inavuja."

Katikati ya vitabu hivyo palikuwa na kitu kimoja kisicho kitabu: gari dogo la udongo, lenye magurudumu mawili, saizi ya kiganja. Bibi yake alimnunulia katika mnada wa kijijini, alipokuwa mtoto. Alilishika kwa vidole vitatu tu, kama mtu anayeshika yai la njiwa. Siku ya kwanza aliponionyesha, alifungua na kitabu chenye picha za mji uliofukuliwa ardhini, mji wa matofali uliokufa zamani kupita hesabu zangu, wenye mifereji ya maji machafu na visima kila mtaa. Akaweka kidole kwenye picha. Palikuwa na gari la udongo. Lilikuwa lile lile.

"Angalia, Maman," alisema. "Bafalme ba mule mujini, hakuna mutu anajua jina yabo. Maandishi yabo, hakuna anayesoma. Lakini hii ya kuchezea watoto, mufinyanzi wa sokoni anaifanya bado, na hajui kama anaendeleza kitu. Hajui kabisa!"

Nikamwambia kwamba kwetu pia watoto hufinyanga ng'ombe kwa udongo wa mtoni, na hakuna anayewaletea kitabu kwa sababu hiyo. Alicheka hadi akakohoa. Lakini tangu siku ile alinihesabu kuwa mtu wa kuzungumza naye.

Sasa andika hili polepole, kwa kuwa ndilo lililomnyima usingizi. Watu wa mji ule wa matofali walikuwa na maandishi. Walichonga mihuri midogo ya mawe, yenye picha ya mnyama wa pembe moja na alama juu yake, na hadi leo hakuna aliyeweza kuzisoma. Walioandika wamenyamaza. Baadaye, katika nchi ile ile, walikuwako watu wengine waliotunga nyimbo za sifa na hawakuziandika. Walizitia watoto vinywani kwa kuzisuka kama ukili: neno la kwanza na la pili, kisha la pili na la kwanza, kisha la kwanza na la pili tena, kwenda na kurudi, ili hata silabi moja ikidondoka msuko uonyeshe pengo. Nyimbo hizo zinaimbwa hata sasa. Wasioandika bado wanasema. Jirani alitembea kati ya makundi hayo mawili kama mtoto wa wazazi waliotengana. Alitaka kujua kama waliwahi kuketi chini ya paa moja. Hakujua, na alikiri kwamba hakujua.

Kukiri huko kulimfanyia maadui. Alikuja kwake kijana mmoja, mwanafunzi aliyezaliwa hapa hapa, wazazi wake watu wa India, akasema kwamba kila kitu duniani kilianzia kwao na kwamba hakuna kilichotoka nje. Jirani alimpa chai, akamsikiliza, kisha akamwonyesha mlango. Mwezi huo huo mzee mmoja Mbelgiji wa ghorofa ya chini, mtu msomi, alimweleza kwenye lifti kwamba kila kilicho kizuri India kililetwa na wapanda farasi kutoka kaskazini. Jirani alimshika mkono, akamwingiza ndani na kumwekea gari la udongo mezani. "Et ça, monsieur? Hii ilipanda farasi gani?" Mbelgiji hakuelewa nusu ya maneno, lakini aliondoka amekasirika kwa ukamilifu.

Nilimwambia, "Jirani, umemfukuza anayekupandisha na umemfukuza anayekushusha. Utabaki na nani?"

"Na wewe, Maman," alisema. "Wewe hauna maoni."

Nilikuwa nayo. Sikumwambia.

Alikuwa mgumu, na usimfanye malaika utakapowasimulia wanao. Hakusalimia wafanyakazi wa takataka. Alimsema mwanawe wa kike hadharani kwa kukata nywele. Hakula nyama maishani mwake, hata supu iliyopikwa kwenye sufuria ya nyama aliisukuma mbali. Lakini kila Jumamosi alipanga foleni kwenye kibanda cha frites, viazi vya kukaanga, karibu na metro, akala pakiti kubwa akiwa amesimama, amefumba macho. Baba yako, kwa ujinga wa ujana, alimwambia, "Tonton, banakaanga ile na mafuta ya ngombe." Jirani alitafuna, akameza, akatazama barabara. "Hiyo sikuisikia," alisema. Jumamosi iliyofuata alikuwa wa tatu kwenye foleni. Tangu hapo, kila alipokuwa mkali juu ya usafi wa wengine, nilimuuliza tu, "Jirani, unasikia vizuri leo?"

Na sasa wimbo. Bibi yake aliuimba akisaga mtama. Kwao mawe ya kusagia ni mawili, la juu lina tundu katikati na mpini wa mti. Mtu huzungusha kwa mkono wa kulia na kwa mkono wa kushoto huangusha nafaka tunduni, konzi moja moja, kiasi cha kujaza kiganja. Wimbo ulimhusu msichana aliyekuwa mto. Miungu walimpa moto ndani ya chungu aupeleke baharini, kwa maana moto huo ulitaka kuula ulimwengu. Msichana akaubeba. Njiani ukamchoma, na watu kandokando walimtazama bila kumpokea hata hatua moja. Akazama mchangani ili apoe, na bado anakwenda huko chini, na moto wake mikononi.

Jirani alikua, akasoma. Akakuta kwamba nyimbo zile za kale zisizoandikwa zinasifu mto mkubwa ambao leo hauonekani. Akakuta kwamba wachimbaji wameona mkondo mkavu katika jangwa, na miji ya matofali imelala kandokando yake kama watu waliokufa wakingoja maji. "Bibi yangu hakuona ramani," aliniambia, "lakini alijua maji iko chini." Kisha, papo hapo, akainua kidole: "Usiende kusema nimesema imehakikishwa! Ba-savants, batu ba elimu, banagombana bado."

Lakini kilichomtesa kilikuwa maneno. Sehemu kubwa ya wimbo ilikuwa katika lugha ya bibi yake. Machache yalikuwa ya kale. Aliyapata vitabuni, akashangilia kama aliyeokota pete. Na yalikuwamo mengine ambayo hayakuwa ya lugha yoyote aliyoijua. Bibi yake mwenyewe hakuyaelewa. Alipoulizwa, alisema, "Ndivyo jiwe linavyosema." Jirani alianza kutumaini, na tumaini hilo lilimla: kwamba huenda yale ni mabaki ya usemi wa mji wa matofali, pumzi ya walionyamaza, iliyopita kinywa hadi kinywa katika vumbi la unga. Aliandikia wataalamu. Wengi hawakumjibu. Mmoja alimjibu kwa upole kwamba kila bibi mwenye jiwe la kusagia hutunga sauti zisizo na maana ili kufuatisha mzunguko. Alinisomea jibu hilo hapa jikoni kwangu, nikichambua maharage.

"Pengine ni kweli," alisema. "Pengine nimelinda kelele maisha yangu yote." Kisha akaniuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshikilia ukingo wa kisima: "Maman, kama ni kelele, mbona naogopa hivi kuipoteza?"

Nilimmiminia chai.

Alikuwa ameanza kusahau. Mwanzoni ilikuwa funguo, kisha metro: alipita kituo chetu akafika mwisho wa njia, akarudishwa na dereva. Akamwendea binti yake, anayekaa Ixelles, akamwomba ajifunze wimbo. Binti ni mtu wa shughuli, ana watoto, na lugha ile hakuipata utotoni. Alisema, "Papa, on va l'enregistrer," tutaurekodi. Naye Jirani akapandisha hasira. Alikwisha kuurekodi zamani, kwenye kanda, akaihifadhi katika chumba chake cha chini ya jengo. Maji yalipoingia huko, kanda ikaoza pamoja na viatu vya mkewe. "Na hata isingeoza," alimwambia binti, "ile muji pia ilijirekodi! Kwenye mawe! Nani anaisikia?" Binti alilia kwenye ngazi. Nilimpa leso, nikamwambia baba yake ni mgumu lakini si mwongo.

Ndipo akabisha kwangu. Hakuketi. "Maman, wewe haujui kuandika."

"Ndivyo unavyoomba msaada?"

"Ndiyo sababu nakuja kwako. Mwenye kuandika ataandika, halafu ataenda kulala. Wewe ukisahau, umesahau. Utaogopa kama mimi."

Nilijifunza. Kila alasiri, hapa jikoni, neno na neno, mbele na nyuma, kama ukili. Alipiga meza kwa kijiko nilipoharakisha. Alikataza wimbo usiandikwe, na ndiyo maana hutayaona maneno yake katika karatasi hizi. Mchungaji wetu alisikia habari, akaja na uso mrefu. "Maman, ile wimbo ni ya miungu ya batu." Nikamuuliza kama Daudi alipoimba kuhusu mito ya Babeli, mito hiyo ilikuwa ya Wayahudi. Akanijibu kwamba Zaburi ile si ya Daudi. "Basi, Mchungaji," nikasema, "hata wewe unaimba usichojua kilitoka kwa nani." Alikunywa chai yake.

Kisha zikaja zile nafasi. Katika wimbo, kila baada ya mafungu fulani, Jirani alinyamaza. Haikuwa kupumua, kwa kuwa ilizidi pumzi. Mara ya kwanza nilidhani amesahau, nikamtazama kwa huruma, naye akakasirika. "Bibi alikuwa anaweka mtama hapa! Konzi moja ndani ya tundu. Nilijifunza na mtama ndani yake. Utajifunza na mtama ndani yake."

"Jirani, hapa hakuna jiwe."

"Kwa hiyo bibi pia hakuna? Ukitoa mtama umemutoa yeye."

Basi nikawa nanyamaza, na nikawa naangusha konzi tupu kwenye meza ya plastiki, mimi mwanamke wa Uvira katika ghorofa ya Anderlecht, nikimsagia bibi wa watu unga usioonekana. Mama yako aliingia akadhani nimerukwa na akili.

Haukupita muda mrefu tangu nilipoushika wote, yeye akaanza kuuachia. Alibisha mlango akiwa amevaa koti juu ya nguo za kulalia. "Maman, baada ya konzi ya kwanza, ni neno gani?" Nilimpa. Alilishika, akalirudia, akaenda nalo hadi kwake kama mtu anayebeba kaa la moto; kabla hajafunga mlango lilikuwa limemponyoka, akarudi. Siku nyingine aliomba mstari mzima. Siku nyingine alibisha, nikafungua, akanitazama, akauliza jina la binti yake. Nilimpa na hilo.

Nakwambia, mjukuu wangu, nimeona vita na nimelala porini, lakini sijaona mtu aliyeogopa kama yule, akija kuomba kwangu vitu vyake mwenyewe. Aliwahi kusema, wakati akili ilikuwa bado yake, "Batu banauliza mto unaanzia wapi kwa sababu banaogopa kuuliza unaishia wapi." Sasa alikuwa amefika huko, na hakuwa na wa kumwuliza.

Walimpeleka nyumba ya wazee. Vitabu vilichukuliwa na watu wa gari kubwa. Gari la udongo binti aliniletea likiwa limefungwa kwenye taulo. Nilikwenda kumtazama katika siku zake za mwisho. Alikuwa kitini, blanketi magotini, uso kama ukuta ulioondolewa picha. Binti yake alikuwako.

"Maman, usijichoshe," aliniambia. "Haelewi tena kitu. Hata lugha ya bibi yake."

Nikavuta kiti. Nikaanza wimbo. Niliuimba polepole, sauti yangu si nzuri, mhudumu akafungua mlango akaufunga. Msichana akapewa chungu cha moto. Uso wa Jirani haukusogea. Msichana akaanza safari, Jirani hakusogea. Nilikuwa naimbia kiti. Nikafika mahali pa konzi, nikanyamaza.

Mkono wake wa kushoto ukatoka chini ya blanketi. Vidole vikakusanyika, vikashika kitu kisichokuwako, vikapanda hewani mbele ya kifua, vikafunguka. Mkono ukarudi mahali pake.

"C'est quoi, ce geste?" binti aliuliza. "Anafanya nini?"

"Anaweka mtama."

"Mtama gani?"

Niliendelea kuimba, kwa kuwa mzunguko ulikuwa umeanza tena. Konzi ya pili ilipofika, mkono ukapanda kabla sijanyamaza. Hakuna neno lililobaki kwake, hata jina la binti, hata la mkewe. Mkono tu ulijua zamu yake. Nilipomaliza, alinigeukia. Hakuniona mimi. Alimwona mwingine, nyuma yangu, mbali sana.

"Unga umetosha?" aliuliza, kwa Kiswahili, sijui kwa nini kwa Kiswahili.

"Bado," nilimwambia. "Weka."

Akaweka.

Alipofariki tulimsindikiza kwenye baridi, watu wachache. Tangu siku hiyo nimeuimba wimbo kila alasiri, peke yangu, mbele na nyuma. Na wiki hii, baada ya konzi ya pili, nilifika mahali na sikukuta neno. Nilirudi mwanzo, nikasuka tena. Pengo likabaki pale pale. Ni mojawapo ya yale yasiyo ya lugha yoyote. Huenda lilikuwa sauti ya jiwe tu. Huenda lilikuwa neno la mwisho la mji mzima, nami nimelipoteza kati ya jiko na dirisha. Niliinuka, nikafungua mlango, nikavuka hadi mlango uliokuwa wa Jirani. Sasa anakaa hapo kijana wa kazi ya usiku. Mkono wangu ulikuwa umekwisha kuinuka nibishe.

Sasa sikia utakachotunza. Gari la udongo usiliweke kwenye kabati la kioo. Mpe mtoto alikokote, na likivunjika, mwache alie, kisha umfinyangie jingine. Karatasi hizi tunza ukipenda. Ni habari za mtu, si mtu. Ukitaka kurekodi, rekodi, mimi si mkali kama yeye, lakini hilo lisikuondolee kujifunza. Usimwambie mtu kwamba wimbo huu ni wa kale kuliko yote, wala kwamba ni kelele, hatukujua. Na kumbuka kwamba ndani yake kuna kimya cha namna mbili, usivichanganye. Mahali pa konzi, ujaze kwa mkono. Mahali nilipopoteza neno, usijaze kwa kitu chochote, hata kitu kizuri, hata ukikitunga usiku kucha kikafanana. Pita juu yake ukiwa umefunga mdomo, na umfundishe utakayemfundisha apite hivyo hivyo, ili ajue kwamba hapo palikuwa na kitu.

Nisomee mwisho. Vema. Weka kalamu chini, Neema, na unipe mkono wako. Siyo huo. Wa kushoto.